Macho ya Mama Kamili

Salvina alikuwa na kipaji ambacho mtu mwingine angekitangaza mpaka redioni, yeye akakificha kama jipu la mahali pabaya. Alikuwa anaona. Si mizimu, si ndoto. Vitu vya kawaida tu ambavyo macho ya wengine huvipita. Kuku akienda kutagia kichakani, Salvina alijua ni kichaka kipi kwa kutazama majani yalivyolala. Sindano ikianguka mavumbini, yeye ndiye aliyeiona kwanza, ila hakuiokota mbele za watu. Alingoja kidogo, kisha akamwambia mtu mwingine, "Hebu angalia hapo karibu na mguu wako," na sifa zikaenda kwa huyo mwingine.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa msichana kwao Ushirombo, shangazi yake Nyamizi alikuwa na macho ya namna hiyohiyo, na hakuyaficha. Ndama wa jirani akipotea, Nyamizi anaonyesha korongo. Jembe likiibwa, Nyamizi anaonyesha lilikofukiwa. Mwaka wa kwanza watu walimsifu, wa pili wakamshangaa, na wa tatu mtu mmoja akauliza kilabuni inakuwaje mama huyu anajua kila kilichofichwa, kama si yeye anayekificha. Swali hilo halikupata jibu, na wala halikuhitaji. Nyamizi akatengwa na kijiji kizima, asiamkiwe, asipewe maji, asipewe moto. Siku alipoondoka na mkeka kichwani, Salvina alikuwa amesimama mlangoni, akataka kumwamkia, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Baadaye wachunga ng'ombe walikuta mkeka ule porini, na yeye kando yake, na hakuna aliyekwenda kuzika ila padri na katekista wake.

Kiganja kile cha mama yake, Salvina alikaa nacho mdomoni maisha yake yote. Alipofiwa na mumewe Anatoli, na mashemeji wakaanza kumtazama machoni kupita ilivyo heshima, hakungoja mwaka wa tatu. Alimfunga binti yake Justa mgongoni, mtoto wake wa kwanza Kamili akamfuata kwa miguu, wakaja Shinyanga mjini, Ngokolo, ambako hakuna aliyewajua. Huko akawa Mama Kamili muuza maziwa, basi. Kamili alipokua alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na habari zake zikawa za kusikia kwa wapita njia. Justa alibaki, akasoma, akawa mwalimu wa elimu ya watu wazima kule Ibadakuli, akienda na kurudi kwa miguu, jua lake, vumbi lake.

Kitu kimoja Salvina hakuweza kukificha, nacho ni rangi ya macho yenyewe. Shinyanga kuni ni za kutafuta kwa tochi. Watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake hauna huruma. Salvina alichemsha maziwa kila alfajiri ndani ya kibanda kisicho na dirisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Miaka ya kwanza hakuna aliyesema neno. Nusu ya wanawake wa Ngokolo walikuwa hivyohivyo. Lakini ilipofika themanini na tatu, filimbi za sungusungu zilikuwa zimeshaanza kusikika vijijini. Wezi wa ng'ombe walikimbia na watu wakashukuru. Kisha wachuuzi kutoka Kagongwa wakaja na habari nyingine, kwamba kuna vijiji ambako watu, baada ya kumaliza wezi, wameanza kuulizana habari za vikongwe wenye macho mekundu. Salvina alisikia hayo akiwa anapima maziwa. Hakumwaga hata tone, lakini siku hiyo alirudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni.

Mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote, ukimwondoa Justa, ni jirani yake Mwanaima. Huyu alikuwa mke wa Mihayo, fundi baiskeli, mtu wa utani mwingi, ambaye hata akikutengenezea pancha utaondoka na mbavu zinauma. Kila asubuhi Mwanaima alikuja na kigae kuomba moto, maana kiberiti kilikuwa adimu kama sabuni. Salvina alikuwa anamwekea kaa zuri pembeni, halafu anampokea mtoto wake mdogo, anamwogesha, anamrudisha ananukia. Ndivyo walivyoishi. Mtu akitaka kujua urafiki wa huko ulivyo, ni huo, kaa moja la moto kila asubuhi.

Ndipo akaja Bwana Bartholomeo na mchezo wake.

Bartholomeo alikuwa mtu wa Songea, amehamishiwa Shinyanga kusimamia michezo na sherehe. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi, maana mtu mbaya ungemjua mapema ukajihadhari. Aliwahi kusoma Ulaya, na huko aliona mchezo wa timu kuzunguka mji zikifumbua mafumbo, fumbo hili linakupeleka mahali lilipofichwa lingine, mpaka la mwisho. Akaona Sabasaba ya mwaka ule watu wasisimame tu juani kusikiliza hotuba na kutazama ngoma. Wacheze na akili zao. Kila timu iwe na watu watatu, na mmoja wao lazima awe mzee, maana mafumbo ni mali ya wazee. Atakayepata fumbo atalisoma kwa sauti na wote watakwenda pamoja. Atakayelishika la mwisho ndiye mshindi. Na ili mambo yawe ya kienyeji, ya kupendeza, hakutumia bahasha. Alinunua vibuyu vidogo sokoni, akatia mafumbo ndani, akaviziba kwa magunzi, akavificha mjini.

Mtoto yeyote aliyezaliwa kati ya Songwa na Kahama angemwambia kibuyu kidogo kilichozibwa na kufichwa ni kitu gani. Hicho ni dawa. Kikikutwa darini au kizingitini, mtu hakigusi. Anaitwa mfumu, mganga wa kienyeji, aje akifungue, na swali linalofuata ni moja tu, nani kakiweka. Waliomsaidia Bartholomeo kununua vibuyu walilijua hilo. Waliona haya kumsahihisha mkubwa wao, wakacheka pembeni, wakanyamaza.

Zawadi ilikuwa baiskeli mpya ya Kichina, Phoenix, bado ina karatasi kwenye fremu. Justa aliiona ofisini kwa Bartholomeo na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Alishamkamata Mihayo awe wa pili, na kwa nafasi ya mzee akamtaka mama yake. Salvina alikataa. Alisema miguu, akasema maziwa, akasema mambo ya vijana wawaachie vijana. Justa akamwambia hatakiwi kufanya lolote, kazi yake ni kuwa mzee tu, na hiyo anaiweza. Jioni moja binti alirudi kutoka Ibadakuli, akakaa kizingitini na kuitia miguu yake ndani ya beseni la maji, nyayo zimepasuka mpaka damu, hakulalamika, akafunga macho tu. Salvina akamtazama, akasema sawa, nitakwenda. Moyoni akamalizia kwamba atakwenda, na hataona kitu.

Sabasaba ilikuja na upepo wake wa Julai, ule unaofunika kila kitu vumbi jeupe mpaka mbwa wanafanana. Timu zilikusanyika uwanjani asubuhi, na watu wengi wakazifuata kwa kutaka kuona mchezo wa Ulaya ukoje. Ulinzi ulishikwa na sungusungu wa mtaa, wakiongozwa na kamanda wao Mageni, mtu mrefu wa maneno machache, upinde begani na filimbi shingoni. Mageni alikuwa mnunuzi wa maziwa ya Salvina. Siku zote alilipa, siku zote alisema asante.

Fumbo la kwanza lilisema, wawili wamelala safari nzima na hawajawahi kugusana. Mihayo akasema hao ni yeye na mkewe wakigombana, watu wakacheka, kisha akasema ni reli, na msafara mzima ukaelekea stesheni. Huko timu zikasambaa kama kuku waliomwagiwa mtama. Watu walichungulia chini ya mataruma, walipanda juu ya mabenchi, mmoja alimvua kofia mkuu wa stesheni. Salvina alisimama kivulini, mikono kifuani, akijitahidi kuwa mzee. Lakini macho hayana mlango. Ukutani zilining'inia ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto, na mchanga wa kila ndoo ulikuwa na utando mweupe wa vumbi, isipokuwa ndoo moja. Alijizuia kadiri alivyoweza. Kisha akamwona Justa akipiga magoti juu ya kokoto na miguu ile, akamnong'oneza Mihayo aangalie ndoo ya tatu.

Mihayo alichomoa kibuyu. Palikuwa na kimya kifupi, kile kimya cha watu walioona kibuyu kabla hawajakumbuka kwamba ni mchezo, halafu makofi yakalipuka. Mihayo, ambaye hajui kula sifa za mwenzake, akapaza sauti kwamba aliyekiona ni Mama Kamili. Watu wakamgeukia. Wakampigia vigelegele.

Na hapo ndipo Salvina alipoteleza. Hakuteleza kwa tamaa ya baiskeli, hata kidogo. Aliteleza kwa furaha. Tangu utoto wake hakuna aliyewahi kumwambia onyesha, akaonyesha, akapigiwa makofi. Alijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kubana miaka yote, leo kaambiwa avue. Fumbo la pili lilisema, anakula mawingu anatema mawe, Justa akapiga kelele kwamba ni kiwanda cha kuchambua pamba, kinameza nyeupe kinatema mbegu, na Salvina akajikuta anatembea mbele ya binti yake. Walipofika kiwandani, watu wa nyuma walikuwa bado wanaingia getini. Marobota yalipangwa ukutani, na kamba zote zilikuwa na fundo upande wa kulia, robota moja fundo lake kushoto. Salvina alinyoosha kidole, akasema, "Pale," kwa sauti, yeye mwenyewe, mbele ya watu wote.

Makofi yalikuwepo, lakini yalikuwa machache. Hakuyahesabu, alikuwa anacheka.

Fumbo la tatu liliwapeleka kwenye pampu ya maji karibu na Mto Mhumbu, ambao wakati huo wa kiangazi ni mchanga tu. Safari hii Salvina aligundua jambo njiani, kwamba timu nyingine hazikimbii tena. Zilikuwa zinamfuata. Alipofika pampuni hakuna aliyetafuta. Walisimama duara, wakamwangalia yeye, macho yake na mikono yake. Mbuzi wawili walikuwa wamekwepa kishimo kimoja penye majani mabichi, na mbuzi hakwepi majani bure, mtu kapashika. Salvina aliona, akainama, akatia mkono, akatoa kibuyu. Alipoinuka, hapakuwa na kofi hata moja. Upepo tu ndio uliosikika, na Bartholomeo peke yake akicheka na kusema huyu mama ni hodari, huyu mama ni hatari.

Mageni alisogea, akasimama mbele yake. Alikuwa na adabu kama siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Macho yako, mama. Yana nini?"

"Ni moshi, baba. Moshi wa jikoni."

"Moshi," Mageni alisema. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mfukoni, akarudi kwa wenzake.

Furaha yote ikamtoka Salvina. Alibaki na kibuyu mkononi, akakiona kwa mara ya kwanza jinsi wengine wanavyokiona, kikongwe wa macho mekundu ameinuka kutoka shimoni na kibuyu. Akamkumbuka Nyamizi na mkeka wake. Akamkabidhi Mihayo kibuyu haraka, na Mihayo akakipokea kwa ncha za vidole, hakutania. Hilo nalo Salvina aliliona.

Fumbo la mwisho Justa alilisoma kwa sauti inayotetemeka, maana hili ndilo la baiskeli. Lilisema, wenye kiu wananipita, wenye shibe wananikalia. Watu wengi walijua jibu kwa pamoja. Ni birika la saruji la kunyweshea ng'ombe kule mnadani, ambalo halijaona maji tangu bomba lilipokufa. Ng'ombe hulipita, na watu wakishashiba nyama choma hukaa juu yake wakachokonoa meno. Njiani Justa alimshika mama yake mkono. Alisema kwa furaha kwamba kimebaki kimoja tu, mama, kimoja tu, na kesho sitatembea. Salvina alitazama mbele. Alikuwa ameshaamua kwamba ameona vya kutosha.

Uwanja wa mnada siku ya sikukuu hauna mtu. Kulikuwa na vibanda vitupu, mifupa michache, na birika lenyewe refu, jeupe kwa vumbi. Watu wakaanza kutafuta upande wa bomba. Salvina akaenda mwisho kabisa wa upande wa pili, mbali na kila mtu, akakaa ukingoni mwa birika kama mzee aliyechoka, na kweli alikuwa amechoka. Akainamisha uso atazame miguu yake tu, pasipo na kitu cha kuona.

Na kilikuwa hapo. Katikati ya miguu yake, chini ya ukingo wa birika, palikuwa na mawe manne yaliyoegemezwa. Matatu yalikuwa meupe kwa vumbi la Julai. La nne lilikuwa limegeuzwa, tumbo jeusi juu. Mtu aliyelitoa hakukumbuka kulirudisha lilivyokuwa.

Salvina alipiga hesabu. Akiinuka ghafla, watamwona ameinuka. Akiinama, ndiye tena. Akasema moyoni kwamba atakaa kimya, na timu nyingine ikisogea upande huu ataondoka polepole, awaachie, wakipate wao, wapigiwe makofi wao, baiskeli iende kwao na yeye arudi kwenye maziwa yake. Akashusha kanga, ikafunika mawe. Akangoja wasogee.

Hakuna aliyesogea. Walitafuta upande wa bomba, wakatafuta vibandani, wakapekua mpaka mifupa, na kila walipofika karibu na alipokaa waligeuka. Alidhani wanampa heshima ya uzee. Justa alikuja mara mbili, nywele zimejaa vumbi, akamwomba kwa sauti ya chini.

"Mama, angalia tu kidogo. Unaona nini?"

"Sioni kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Macho yamechoka," Salvina alisema, na ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia mtoto huyo tangu azaliwe.

Justa alimtazama, akaondoka. Kisha akaja Mihayo. Hakuwa ametafuta, alikuwa amesimama muda wote mbali kidogo, akimtazama Salvina. Alichuchumaa, si karibu, mikono katikati ya magoti.

"Mama Kamili," alisema, "mwanangu anakohoa tangu wiki iliyopita."

"Najua, baba. Ni vumbi. Jana nimemwogesha kwa maji ya moto."

"Ndiyo. Umemwogesha." Mihayo alichora mstari vumbini. "Nilitaka kuuliza. Wewe unaona mbali. Unamwonaje? Atapona?"

Kwa miaka yote waliyoishi ukuta kwa ukuta, Mihayo hakuwahi kumwuliza kitu bila kuchanganya utani. Salvina alitafuta utani usoni mwake, hakuuona. Aliona mtu aliyekuja kwa mfumu, au kwa kitu kibaya zaidi ya mfumu, na anaogopa jibu. Akasema atapona, baba, watoto hukohoa, wakapona. Alipomaliza kusema alijua kwamba akisema atapona ni kosa, na akisema hatapona ni kosa. Mihayo alishukuru, akainuka, akarudi nyumanyuma hatua kadhaa kabla ya kumgeuzia mgongo.

Ndipo Salvina alipoelewa kwa nini upande wake ulikuwa mtupu. Haikuwa heshima. Alitaka kuinuka saa hiyohiyo, ainuke, aseme kiko hapa, nimekiona, msameheni mzee. Mdomo ukakataa. Kile kiganja cha mama yake kilikuwa bado kipo.

Filimbi ikalia. Bartholomeo, jasho likimtiririka, alitangaza kwa kicheko kwamba mchezo umekwisha, fumbo limewashinda wote, na sasa atawaonyesha lilipokuwa. Akavuka uwanja, watu wakimfuata kwa macho. Hakwenda bombani. Hakwenda vibandani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa birika, akasimama mbele ya Salvina, akamwinamia kwa adabu ya mtu wa kwao.

"Samahani mama, hebu inuka kidogo."

Salvina akainuka. Bartholomeo akasogeza jiwe, akachomoa kibuyu, akakiinua juu, akicheka mpaka machozi. Alisema jamani, mama wa watu amekikalia. Alisubiri wengine wacheke. Alisubiri kidogo zaidi, kicheko chake kikafifia chenyewe, akatazama huku na huku kama mgeni aliyeingia nyumba ya msiba akiimba.

Hakuna aliyepiga kelele. Nyuma huko mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ndiyo maana hatukuona, alitufunga macho. Maneno yale yakapita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, bila haraka, kama kata ya maji. Mageni alilitazama jiwe, akatazama kanga ya Salvina ilivyochafuka pindo kwa kuburuza chini, akamtazama usoni. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama kule pampuni.

Bartholomeo, kwa kutaka kuokoa sherehe, akafanya jambo la mwisho la wema wake. Kwa kuwa hakuna aliyepata kibuyu cha mwisho, alisema, baiskeli inakwenda kwa timu yenye vibuyu vingi zaidi. Ikaletwa ile Phoenix, inang'aa, na kuegemezwa mbele ya Salvina. Mihayo, fundi baiskeli, aliombwa aijaze upepo. Alisema pampu ameisahau nyumbani. Akaondoka kwa miguu peke yake, na umati ukampisha njia.

Justa aliikokota baiskeli mpaka Ngokolo, tairi zinalalama. Mama yake alitembea upande wa pili. Njia nzima watu walikuwa wamekaa nje, sikukuu, na kila walipopita mazungumzo yalikatika. Walipofika nyumbani binti aliiegemeza baiskeli ukutani, akamgeukia mama yake.

"Mama, ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kwa nini hukusema?"

Salvina alikaa kizingitini. Hapo akamsimulia habari za Nyamizi, kwa mara ya kwanza, tangu ndama wa kwanza mpaka mkeka. Justa alisikiliza amesimama, mkono juu ya tandiko la baiskeli, na simulizi ilipokaribia mwisho aliuondoa mkono ule. Akaanza kulia. Alisema ni mimi, mama, ni mimi niliyekuomba uangalie. Salvina akamwambia hapana, ni macho, na macho hakupewa na mtu.

Asubuhi iliyofuata aliwasha moto mapema. Aliweka mavi makavu mengi kuliko siku zote, akachagua kaa zuri, jekundu mpaka ndani, akalisogeza pembeni mahali pake. Maziwa yakachemka, yakaepuliwa. Akabandika maji ya kumwogesha mtoto. Kupitia ukuta alimsikia mtoto akikohoa, kikohozi kizito kuliko cha jana, na alimsikia Mihayo akisema neno moja fupi ambalo hakulishika. Justa alivaa, akanywa chai, akaitazama baiskeli, kisha akaondoka kwa miguu kwenda Ibadakuli.

Jua lilikuwa limeshapanda Mwanaima alipopita. Hakuwa anatoka kwake. Alikuwa anatokea mwisho wa mtaa, nyumba ya mbali, kigae cha moto mkononi, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwa. Kigae kilikuwa kinamwunguza na alikuwa anakibadilisha mkono kila hatua. Salvina alisimama mlangoni. Alifungua mdomo kumwamkia, mwangaluka, kama kila asubuhi, na Mwanaima akainamisha uso akaongeza mwendo. Upepo ukapiga. Kaa moja likadondoka mbele ya mlango wa Salvina, likabingirika, likatulia mavumbini.

Mwanaima alisimama. Alilitazama kaa lile, moto wa kutembea mtaa mzima kuutafuta, akapeleka mkono nusu, akaurudisha kwenye kanga na kumbana mtoto mgongoni. Akaenda zake.

Salvina hakuliokota. Alisimama pale mlangoni akilitazama mpaka likazimika, kisha akaingia ndani kutafuta mkeka.